Gesi ya Kupikia Kutoka Uingereza hadi Moroko: Hesabu, Mitungi na Valvu za Gari-nyumba

Kila majira ya baridi, magari-nyumba ya wasafiri wa Uingereza na nchi nyingine za kaskazini mwa Ulaya huteremka kusini, yakapita Ufaransa na Hispania, kisha yakavuka Mlango-Bahari wa Gibraltar kwa feri hadi Moroko. Safari huchukua miezi. Ndani ya gari mna jiko la gesi, mara nyingi pia friji na hita zinazotumia gesi hiyohiyo, na kabati dogo lenye nafasi ya mitungi miwili tu. Gesi yenyewe inauzwa katika nchi zote nne. Kinachobadilika kila mpaka ni mtungi, valvu, hesi ya kiungio na utaratibu wa kuujaza. Ndiyo maana msafiri anaweza kukosa gesi akiwa amesimama mbele ya duka lililojaa mitungi. Usimamizi wa gesi ya safari ndefu huanza kwa kujua kiasi kinachochomwa, halafu aina ya gesi, halafu njia ya kuipata.

Kilo moja ya gesi ya kupikia hutoa joto la takriban kilowati-saa 13. Plate ya jiko yenye nguvu ya kilowati 2, ikiwashwa kwa moto mkubwa saa nzima, huchoma gramu 150 hivi. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai huchukua takriban gramu 15, hata pale ambapo nusu ya joto inapotea pembeni mwa birika. Kwa watu wawili wanaopika wenyewe, gramu 150 kwa siku ni makadirio ya kutosha. Friji inayoendeshwa kwa mwali wa gesi hutumia zaidi, gramu 300 hadi 400 kwa saa 24, kwa kuwa inafanya kazi usiku na mchana. Hita ya kilowati 4 ikiwaka kwa nguvu zote hula karibu gramu 300 kwa saa moja, na katika baridi kali matumizi ya siku yanaweza kufika kilo 2.

Hesabu hiyo ikiwekwa kwenye mtungi wa kilo 11, tofauti inaonekana wazi. Kwa kupikia tu, mtungi unadumu zaidi ya miezi miwili. Friji ikiongezwa, unadumu wiki tatu. Hita ikiwashwa mfululizo kwenye baridi, unakwisha kwa siku 5 au 6. Jiko, basi, ndilo linalotumia gesi kidogo kuliko vyote, na kubana chai hakuokoi kitu cha maana. Kinachookoa ni kuiondoa friji kwenye gesi kwa kufunga friji ya kompresa inayotumia umeme wa betri na sola, na kuipa hita mafuta ya dizeli kutoka tangi la gari. Baada ya mabadiliko hayo, mtungi mmoja unaweza kutosha kipande kizima cha safari ambacho hakina mahali pa kuujaza.

Aina ya gesi ndiyo inayofuata. Gesi ya kupikia ni propani, au butani, au mchanganyiko wa hizo mbili. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hugeuka mvuke na kufika jikoni hata penye theluji. Butani ya kawaida huchemka karibu na nyuzi sifuri. Kukiwa na baridi ya kiwango hicho, kimiminika hubaki ndani ya mtungi, mwali ukafifia, na msafiri akadhani mtungi umekwisha. Tatizo hujitokeza hata kabla ya sifuri, kwa sababu gesi inapogeuka mvuke huchukua joto la mtungi wenyewe na kuupoza. Kwa jiko dogo athari ni ndogo. Kwa hita inayovuta gesi kwa kasi, mtungi unaweza kufanya umande au barafu kwa nje. Gari linaloanza safari Januari huondoka na propani, na butani huachiwa nchi za joto.

Katika njia za kuipata gesi, mitungi ya kubadilisha, mtupu kwa uliojaa, ndiyo yenye vikwazo vingi. Mitungi ya Calor, iliyozoeleka Uingereza, haibadilishwi katika bara la Ulaya. Ufaransa ina mitungi ya kilo 13 inayouzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka makubwa, lakini mteja mpya huweka amana, na amana hiyo ina maana kwa atakayerudi kurejesha mtungi. Hispania ina mtungi wa rangi ya chungwa wa Repsol wenye kilo 12.5 za butani. Utaratibu wake rasmi ulijengwa juu ya mkataba wa mteja mwenye makazi, na mpita njia huona ugumu. Ujerumani imechukua njia nyingine: mitungi ya kijivu ya kilo 5 na 11 ni mali ya mnunuzi, na hubadilishwa kwa wauzaji mbalimbali nchini humo. Suala hili si geni Afrika Mashariki. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 ziliagiza valvu ya aina moja ili mitungi ya majumbani ibadilishwe bila kujali kampuni, kabla ya kanuni za 2019 kuondoa ulazima wa kubadilishana.

Mtungi mmoja unaovuka mipaka mingi ni ule wa buluu wa Campingaz. Mkubwa katika jamii hiyo, namba 907, una kilo 2.75 za butani. Bei yake kwa kilo ni kubwa, na kwa hita haufai. Lakini kwa kupikia tu unatosha zaidi ya wiki mbili, na unapatikana katika nchi nyingi za Ulaya. Nafasi yake ni kuwa akiba.

Ufumbuzi wa msingi kwa safari za miezi ni mtungi wa kudumu unaojazwa kwenye pampu ya gesi ya magari. Mtungi hufungwa kabatini, bomba likatolewa hadi ubavuni mwa gari, na dereva hujaza kwa nje kama anavyojaza mafuta. Ndani yake mna valvu inayokata gesi kimiminika kinapofika asilimia 80 ya ujazo. Asilimia 20 inayobaki ni ya usalama, maana gesi hii ya kimiminika (LPG) huvimba kwa joto mara nyingi zaidi kuliko maji, na mtungi uliojaa pomoni hauna pa kuupeleka uvimbe huo. Mtungi wa kawaida wa kubadilisha hauna valvu hiyo, na kuujaza pampuni ni hatari iliyopigwa marufuku katika nchi nyingi.

Pampu za Ulaya hazina mdomo wa aina moja. Uingereza na Uholanzi hutumia mdomo wa kusukuma na kuzungusha. Ujerumani, Ubelgiji na Ayalandi hutumia mdomo wa hesi uitwao ACME. Ufaransa, Italia na Polandi zina mdomo mpana wenye umbo la kisahani, na Hispania hutumia mwembamba uitwao Euro. Adapta za aina hizo ni vipande vidogo vya shaba nyeupe vinavyoenea kwenye mfuko mmoja. Msafiri aliyeacha kimoja nyumbani amejifungia nchi nzima. Mpira wa sili wa kila adapta hukaguliwa kabla ya kufunga, kwa kuwa mchanga kidogo tu hufanya gesi ivuje.

Moroko hubadilisha mpango wote, kwa sababu vituo vya mafuta vya huko haviuzi gesi ya magari. Mtungi wa kudumu hujazwa kwa mara ya mwisho kusini mwa Hispania, kabla ya feri ya Algeciras. Baada ya hapo gesi hiyo huachiwa jiko, ikisaidiwa na mitungi ya Moroko yenyewe. Huko butani inauzwa hadi kwenye maduka madogo ya vijijini, katika mitungi ya kilo 3 na kilo 12, na serikali hulipa sehemu ya bei. Mtungi wa kilo 12 ulipanda kutoka dirhamu 40 hadi 50 mwezi Mei 2024. Ule wa kilo 3 ndio unaoingia kwenye kabati la gari, na kiungio chake kinafanana na cha Campingaz. Pwani ya Agadir mtungi huo hautoi shida. Kwenye milima ya Atlas, mathalani Ifrane ambako theluji huanguka, butani hiyo huzimika usiku, na hapo gesi yenye propani iliyobanwa tangu Hispania ndiyo inayopika uji wa asubuhi.

Kiasi kilichobaki hupimwa kwa uzani. Uzito wa mtungi mtupu hugongwa kwenye shingo yake. Mtungi wenye uzito mtupu wa kilo 5.5 ukipimwa kwa mizani ya kuning'iniza mizigo na kusoma 8.2, una kilo 2.7 za gesi. Kwa mtungi uliofungwa, kumbukumbu ya pampuni ndiyo kipimo. Lita moja ya propani ina uzito wa nusu kilo hivi, kwa hiyo lita 14 zilizoingia baada ya siku 14 maana yake ni gramu 500 kwa siku. Namba hiyo, iliyotoka kwenye gari lenyewe, inategemewa kuliko makadirio yoyote ya kitabuni.

Mvuke wa LPG ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Kabati la mitungi hutobolewa sakafuni ili uvujaji utoke nje, na tundu hilo halizibwi hata kwa sababu ya vumbi au baridi. Kila mtungi mpya unapofungwa, kiungio hupakwa maji ya sabuni. Povu likivimba, valvu hufungwa na kazi huanza upya. Hesi nyingi za gesi hukazwa kinyume na skrubu za kawaida. Miali yote, ukiwemo ule wa friji usioonekana, huzimwa kabla ya kuingia kituo cha mafuta, na valvu za mitungi hufungwa ndani ya feri. Jiko halitumiki kupasha gari joto wakati wa kulala, kwa sababu ya hewa ya monoksidi ya kaboni isiyo na harufu.

Regyuleta ya magari ya miaka ya karibuni hutoa shinikizo la milibari 30, linalofaa propani na butani. Magari ya Uingereza ya zamani yalikuwa na regyuleta ya milibari 28 kwa butani na 37 kwa propani, na vifaa vyake havichanganywi na vya sasa bila fundi. Regyuleta huwekwa juu kuliko valvu ya mtungi ili masalia ya mafuta yanayokuja na gesi yasiizibe. Mpira wa gesi una tarehe iliyochapwa ubavuni. Hiyo husomwa kabla ya kuondoka, na mpira uliopitwa na wakati au uliopasuka hubadilishwa nyumbani, ambako vipimo vyake vinajulikana na vipuri vyake vipo.