Ukali wa Biri, Ulaini wa Sigara: Siri Iko Ndani ya Bani

Mvutaji wa sigara za dukani akipewa biri, ile siga nene iliyosokotwa kwa majani matupu, mara nyingi huanza vibaya: huuvuta moshi wake hadi kifuani kama alivyozoea. Koo linamfunga papo hapo, machozi yanamtoka, ulimi unawaka. Kesho yake anaamka na sauti ya kukwaruza na ladha ya majivu mdomoni, ndipo anaanza kuuliza dawa. Huyu atamwambia asali, yule tangawizi, mwingine karafuu.

Dawa nitazifikia. Kwanza kuna jambo lingine la kujiuliza. Biri na sigara zinatokana na mmea mmoja, tumbaku ileile. Kwa nini basi moshi wa biri uchome koo, na wa sigara upite kimya hadi mapafuni? Jibu halimo kwenye mmea wala kwenye karatasi. Limo ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, na kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini mabani hayako mbali.

Chunya ilipata jina kwa dhahabu ya Lupa, lakini kwa miaka mingi sasa mkulima wake amekuwa akiishi pia kwa tumbaku ya mvuke. Iringa nako walowezi, wengi wao Wagiriki, walikuwa wakikausha tumbaku ya aina hiyo kabla ya Uhuru. Songea na Namtumbo wao wana tumbaku ya moshi, ambayo jani lake hufukizwa moja kwa moja na moshi wa kuni. Tofauti kati ya mvuke na moshi si ya majina tu, maana njia ya kukausha ndiyo inayoamua kitakachotokea kooni mwa mtu atakayevuta.

Bani la tumbaku ya mvuke ni nyumba ndefu kwenda juu, isiyo na madirisha, yenye tanuru linalochochewa kutoka nje. Mabomba ya chuma hupita sakafuni yakibeba joto, kisha moshi wa kuni hutolewa nje bila kugusa jani hata moja. Majani mabichi hufungwa kwenye fito na kuning'inizwa safu juu ya safu. Siku ya kwanza na ya pili joto huwa dogo tu, nyuzijoto 32 hadi 40 hivi, na unyevu huachwa uwe mwingi. Jani bado li hai wakati huo. Vimeng'enya vyake vinauvunja wanga kuwa sukari, kama ndizi ya Tukuyu inapoivishwa, na rangi ya kijani inageuka njano.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Mkulima akipandisha joto mapema, jani hukauka likiwa bado kijani na wanga wake haujageuka. Akichelewa, jani linaendelea kuila sukari yake lenyewe, linapata rangi ya kahawia na daraja linashuka sokoni. Akipatia, anafungua matundu ya hewa, anapandisha moto taratibu hadi nyuzijoto 50 na kitu, vimeng'enya vinakufa, na sukari inabaki imefungiwa ndani ya jani. Mwisho anafika nyuzijoto 70 ili mshipa wa katikati nao ukauke. Kazi nzima huchukua kama wiki moja, na usiku mtu analala karibu na tanuru ili moto usipotee. Nawaita watu hawa wanakemia wasio na vyeti, na sioni kama nazidisha chumvi. Siku ya soko mteuzi huangalia rangi, unene na mguso wa jani. Mkulima anadhani anauza rangi. Mnunuzi ananunua sukari.

Jani lililokaushwa hivi linaweza kubaki na sukari kwa kiwango cha asilimia 10 hadi 20 ya uzito wake, pengine zaidi. Sukari hiyo ikiungua hutoa tindikali, na moshi mzima unakuwa na tindikali kidogo, chini ya pH 6 au karibu nayo (pH ni kipimo: ikishuka tindikali huzidi, ikipanda huzidi kinyume chake, besi). Hapa inabidi tuingie kidogo kwenye kemia ya nikotini. Ndani ya moshi nikotini huwa katika hali mbili: iliyofungwa na tindikali ikawa chumvi, au iliyo huru. Iliyo huru ndiyo inayochoma, kwa kuwa hupenya haraka kwenye utando laini wa mdomo na koo na kuamsha mishipa ya fahamu ya maumivu. Kwenye pH 6 nikotini huru ni kama asilimia 1 tu ya nikotini yote. Kwenye pH 7 inafika karibu asilimia 10. Kwenye pH 8 inakuwa nusu nzima. Hatua mbili tu za pH, na ukali wa moshi umebadilika kabisa.

Moshi wenye tindikali, basi, hauchomi koo. Lakini pia mdomo hauwezi kunyonya nikotini nyingi kutoka kwake, kwa hiyo mvutaji anayeitaka nikotini hiyo hana njia ila kuuvuta hadi mapafuni, ambako eneo la kunyonya ni kubwa mno na damu iko jirani. Koo lililokuwa mlinzi limepitishwa kando. Ufundi huu wa bani unasimuliwa kuanzia mwaka 1839, katika Kaunti ya Caswell, North Carolina, pale mtumwa mhunzi aliyeitwa Stephen, kwenye shamba la Abisha Slade, alipofufua moto wa bani uliokuwa unazimika kwa makaa ya kiwanda chake cha uhunzi na kupata majani ya njano angavu. Miaka ya 1880 ikaja mashine ya James Bonsack ya kusokota sigara. Jani laini na mashine ya kasi vilipokutana, karne iliyofuata ikawa ya saratani ya mapafu.

Jani la biri hupitia njia iliyo kinyume kabisa. Halipelekwi kwenye joto la tanuru. Linaning'inizwa bandani kwenye hewa tu, wiki nne hadi nane, likifa polepole huku likiitumia sukari yake karibu yote. Baadaye majani hurundikwa malundo makubwa yachachuke kwa wiki au miezi. Malundo yanapata joto yenyewe na harufu ya amonia inatoka. Jani hilo lina nitrojeni nyingi na sukari kidogo sana. Likiungua, moshi wake huelekea upande wa besi, na kadiri biri inavyofupika pH inazidi kupanda hadi kufika 8 na kuvuka. Nusu ya nikotini iko huru, amonia ipo, na vyote viwili vinatua kwenye ulimi, kaakaa na koo. Ndiyo maana wavutaji wa biri wenye uzoefu huushika moshi mdomoni kisha huuachia. Hawahitaji mapafu. Anayetaka ushahidi kwamba nikotini haihitaji mapafu amuulize mchumaji wa tumbaku aliyefanya kazi asubuhi ya umande bila glavu: kizunguzungu na kutapika humpata bila kuvuta hata pafu moja, kwa nikotini iliyopenya ngozini.

Halafu kuna wingi. Sigara moja ina tumbaku isiyofika gramu 1. Biri kubwa inaweza kuwa na hata gramu 20, sawa na pakiti nzima, na huvutwa kwa saa moja au zaidi. Utando wa mdomo unaoshwa muda wote huo kwa moshi wa moto wenye besi.

Nyanda za Juu zinaongeza shida yake. Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, mwinuko wa Iringa haupishani sana na huo, na kati ya Juni na Agosti hewa ni baridi, kavu, ya vumbi. Watengenezaji wa biri hutaka ihifadhiwe kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Iliyokaa vizuri kwenye joto la unyevunyevu la Dar es Salaam, ikipandishwa hadi Mafinga au Uyole mwezi wa Julai na kuachwa kabatini, hukauka kwa siku chache. Biri kavu inaungua haraka na kwa joto kali, na mvutaji mwenyewe tayari ana midomo iliyopasuka na koo lililokauka. Anayelalamika kwamba siga ya Dar ilikuwa tamu na ya Mbeya inachoma, huenda ni biri ileile.

Joto hilo lina alama yake, na daktari wa meno huijua akiiona. Kaakaa gumu, yaani paa la mdomo, hupauka na kuwa jeupe, na juu yake hutokea vidoa vyekundu vidogo, ambavyo ni midomo ya tezi za mate iliyovimba. Hutokea zaidi kwa wavutaji wa kiko na biri kuliko wa sigara. Kwa kawaida hali hiyo yenyewe haigeuki saratani, na mtu akiacha kuvuta hupona ndani ya wiki chache. Baka jeupe lililo kwenye ulimi, chini ya ulimi au ndani ya shavu ni habari nyingine, na halifai kukisiwa kwa macho ya jirani.

Sasa dawa. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, kunasaidia kweli: kunaondoa mabaki na kutuliza uvimbe. Maji ya kunywa yanasaidia, kwa kuwa mate ndiyo kinga ya kwanza ya mdomo. Asali hupaka koo na kulituliza kwa muda. Dawa ya kusukutua yenye spiriti huzidisha ukavu, iacheni. Chai ya Mufindi inyweni, ila ipoe kwanza. Kinywaji kinachozidi nyuzijoto 65 ni kuunguza mara ya pili mahali palipoungua.

Karafuu na peremende naziweka kundi la mashaka. Karafuu ina yujenoli, ambayo hufisha ganzi. Mentholi huamsha mishipa ya fahamu ya ubaridi, na ubongo unaletewa habari ya ubaridi wakati tishu inaungua. Viwanda vya sigara vinaujua ujanja huu siku nyingi. Sweet Menthol ya Kampuni ya Sigara Tanzania imejengwa juu yake, na Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku sigara za mentholi Mei 2020 kwa sababu zinarahisisha kuvuta. Anayemung'unya karafuu ili aweze kuwasha biri ya pili hajatibu kitu.

Kibaya kuliko vyote ni kuishusha biri kwa kinywaji. Ulanzi, konyagi, bia, vyote ni sawa hapa. Pombe huulegeza utando wa mdomo na kurahisisha sumu za moshi kupenya, na tumbaku na pombe zikikutana hatari ya saratani ya mdomo na koo inazidi jumla ya hatari za kila moja. Tumbaku pia hulegeza mlango wa chini wa umio, tindikali ya tumbo ikapanda usiku, na hapo koo linakwaruza asubuhi kwa sababu ambayo mwenyewe anadhani ni mafua.

Kuna ushauri wa kuvuta polepole, kuacha theluthi ya mwisho, kuilinda biri isikauke. Kiufundi ni sahihi, kwa kuwa unapunguza joto na nikotini huru. Haupunguzi hatari kwa kiasi cha kujivunia. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kwenye ripoti yake ya 1998 kuhusu biri, ilionyesha kwamba wavutaji wake hupata saratani za mdomo, zoloto na umio, hata wale wasiovuta moshi hadi kifuani. Ukali wa biri haukuwalinda, kama ulaini wa sigara usivyomlinda mwingine. Hukumu yangu ni kwamba kati ya hizi mbili hakuna ya kuchagua. Koo linalowaka linaomba moshi usimame, na tiba inayofanya kazi ni hiyo.

Utando wa mdomo hujijenga upya kwa muda wa kama wiki mbili. Kidonda au baka ambalo halijaondoka baada ya wiki mbili bila moshi linahitaji kuonwa. Vilevile sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, uvimbe shingoni, au chakula kinachokwama. Usisubiri maumivu yaanze, kwa kuwa saratani ya mdomo mara nyingi huanza bila maumivu. Anzia kwa daktari wa meno au zahanati iliyo karibu nawe, uombe rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na umwambie daktari ukweli wote: unavuta nini, kwa muda gani, na unakunywa nini nacho.