Sunny si Mzimu: Kusoma "Akata Witch" na Binti Yangu



Sisi tunaolea watoto ughaibuni hulalamika kwamba watoto wetu hawasomi Kiswahili. Tusemalo kwa nadra ni kwamba sisi nasi hatusomi wanachokisoma wao. Majira ya baridi yaliyopita nilijaribu kuziba ufa huo. Binti yangu wa miaka kumi alileta kitabu kutoka maktaba, nikamwambia tutakisoma pamoja kila usiku kabla ya kulala: yeye atasoma ukurasa mmoja kwa Kiingereza, mimi nitamsimulia unaofuata kwa Kiswahili. Sikujua najiingiza wapi.

Kitabu chenyewe ni "Akata Witch" cha Nnedi Okorafor, Mmarekani aliyezaliwa Cincinnati na wazazi Waigbo. Kilitoka Marekani mwaka 2011, na hapa Uingereza kikachapishwa kwa jina la "What Sunny Saw in the Flames". Baadaye kilifuatiwa na "Akata Warrior" (2017) na "Akata Woman" (2022).

Sunny Nwazue ana miaka kumi na miwili. Alizaliwa New York, na alipofika miaka tisa wazazi wake wakarudi naye Nigeria, wakakaa mji wa Aba. Ana ualbino. Anapenda sana mpira wa miguu, lakini jua humfukuza uwanjani. Shuleni huitwa "akata", neno la dharau ambalo baadhi ya Wanigeria huwaita Wamarekani weusi. Mzazi yeyote aliyewahi kupeleka mtoto likizo nyumbani akarudi na malalamiko kwamba binamu zake walimwita mzungu, atamwelewa Sunny tangu kurasa za mwanzo. Binti yangu alimwelewa kabla yangu.

Kisha mambo hubadilika. Sunny anagundua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye nguvu zisizo za kawaida. Pamoja na Orlu, Chichi na Sasha, anafundishwa na kutumwa kumzuia mtu anayeiba watoto, Black Hat Otokoto. Jina hilo halikuokotwa hewani. Mwaka 1996, mji wa Owerri ulilipuka kwa ghasia baada ya mtoto kuuawa kwa imani za utajiri, na Otokoto ndilo jina Wanigeria wanaloikumbukia kesi hiyo. Mwandishi ameweka hofu ya kweli ndani ya hadithi ya maajabu, na ndiyo maana hadithi yake ina uzito.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni chittim, fedha ya Watu wa Chui. Huipati ukiwa usingizini. Unapojifunza jambo jipya kwa kweli, vyuma hivyo vilivyopinda hukuangukia miguuni. Binti yangu alianza kusema "chittim!" kila aliponikuta nikikosea hesabu zake za shule kisha nikasahihishwa. Sijui kitabu kingine cha watoto kinacholipa elimu papo hapo namna hiyo bila kuhubiri.

Taabu yangu ilianza kwenye kusimulia. Neno "witch" kwa Kiingereza cha watoto limeshalainika, ni kofia ndefu na ufagio wa sikukuu ya Halloween. Kwetu mchawi hajalainika hata kidogo. Mchawi anaroga, mchawi anaua. Nikijaribu "mganga", namwona mtu wa tunguri. Usiku wa pili mtoto akauliza, "Mama, kwa hiyo Sunny ni mchawi?" Nikamjibu kwamba ni Mtu wa Chui, nikaendelea. Lakini swali lilibaki chumbani, kwa sababu mimi nimekulia Mwanza.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa ameshajua ninakoelekea. Kuanzia mwaka 2006 na 2007, habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo zilianza kutufikia huku mfululizo, kwa sababu kuna waliouza na walionunua imani kwamba miili yao huleta utajiri. Na kabla ya hapo kulikuwa na ile kauli tuliyolishwa tukiwa wadogo: zeruzeru hafi, hupotea. Sasa fikiria nilivyoshtuka nilipofika mahali Sunny anapoonyeshwa kipaji chake. Anaweza kutoonekana. Anapotea!

Nilikifunga kitabu. Hapa ndipo nina ugomvi na Okorafor. Imani kwamba mwenye ualbino ni nusu mtu na nusu mzimu ndiyo mzizi wa ukatili ule, na yeye anaichukua imani hiyo, anaipamba, na kuifanya zawadi. Kwa mtoto wa London ni jambo la kuvutia. Kwa mtoto wa Geita au Shinyanga ni jambo la kuogofya.

Kesho yake nikakirudia, na nakiri kwamba ugomvi wangu ulipungua. Katika kitabu hiki si Sunny peke yake ambaye kasoro na kipaji chake hukaa pamoja. Orlu herufi humchanganya anaposoma, naye ndiye fundi wa kufungua mafundo ya juju za wengine. Zaidi ya hayo, wauaji huamini nguvu imo mifupani, kitu cha kukatwa na kuuzwa. Okorafor anaiweka kwenye kujifunza. Sunny hukosea, huadhibiwa, hurudia. Hakuna awezaye kuuchukua uwezo wake kwa panga. Wanaouza watoto wa watu ni kina Otokoto, na kitabu hakiwaonei haya.

Waliosoma sekondari Tanzania wataikumbuka "Takadini" ya Ben Hanson, ambamo Sekai anatoroka na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe. Ni kitabu chema, ila kwa sehemu kubwa mtoto yule anaishi kwa huruma ya wengine. Sunny anakimbia kwa miguu yake mwenyewe. Nilitaka binti yangu aione tofauti hiyo.

Dosari moja siisamehi. Sunny akishaingizwa kwenye jamii yake, jua halimuunguzi tena. Ni njia rahisi mno. Mtoto mwenye ualbino anayesoma kitabu hiki atalikuta jua lilelile nje, na kinachomwokoa na saratani ya ngozi ni kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa pale KCMC, Moshi. Mwandishi aliyeweza kubuni fedha ya elimu angeweza kumwachia Sunny kofia yake akafunga mabao nayo.

Tulipomaliza, nilimweleza mtoto kwamba Tanzania ilipata mbunge mwenye ualbino mwaka 2008, Al-Shaymaa Kwegyir, aliyeteuliwa na Rais Kikwete. Na mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Khalfani Barwany kwa kura zao. Hao hawakuhitaji juju.

Kisha nikamweleza jambo nililokuwa sijamwambia mtu. Darasa la tatu tulikuwa na msichana mwenye ualbino, akikaa dawati la mbele kwa sababu haoni ubao. Wiki moja hakuja shule, nami nikaamini amepotea kama tulivyoambiwa. Kumbe alikuwa na malaria. Aliporudi niliogopa kumgusa mkono.

"Alikuwa anaitwa nani?" mtoto akauliza.

Sikuweza kumjibu. Tulikuwa tukimwita zeruzeru tu. Jina lake sikuwahi kulijua.

Ndugu zangu, kitafuteni kitabu hiki maktaba. Kinafaa mtoto wa miaka kumi na kuendelea. Zile sura za Otokoto zisomeni mchana. Lakini msimwachie mtoto akakisoma peke yake chumbani. Kiingereza kitampa Sunny na maajabu yake yote. Maana ya neno mchawi kwetu, na gharama yake, ataipata kwako, na huenda nawe ukaulizwa jina la mtu.