Chukudu hupinduliwa kwanza

Mgeni wa Goma, mashariki mwa Kongo, huijua chukudu, yaani chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, kupitia sanamu yake ya rangi ya dhahabu iliyozinduliwa mwaka 2009, naye husifu urefu wake. Urefu haumwambii kitu. Wanaoisukuma kila siku wakikutana kijiweni jioni, kila mmoja akitetea fundi wake, hawaanzi kubishana mpaka chombo kimepinduliwa, magurudumu yakaangalia juu.

Inamisha kichwa ufunge jicho moja, utazame ubao mkuu toka nyuma hadi kwenye usukani. Mbao za kazi hii ni mkaratusi na mumba. Mkaratusi unapatikana kirahisi na unabeba, ila ukichongwa ungali mbichi utajikunja ukikauka. Chukudu ya namna hiyo huvuta upande mmoja, na dereva ataisahihisha kwa bega lake safari nzima. Ubao ukikushinda kuunyanyua na harufu ya mti ikakupanda puani, mwambie fundi utarudi ubao ukikauka.

Sasa magurudumu, na hapa usiharakishwe. Ni ya mti, yamevishwa ukanda wa tairi kuukuu uliopigiliwa misumari, na katikati mna rulema, yaani beringi, zilizotolewa kwenye magari. Weka kidole karibu na mpira bila kuugusa, kisha zungusha. Pengo likipanuka na kubana, gurudumu si duara, hata kama limepakwa rangi ya kupendeza. Zungusha tena, ukisikiliza. Rulema iliyotiwa grisi huvuma kwa sauti moja, kavu hukwaruza. Ukisikia tak, tak kila mzunguko, tafuta pale ncha mbili za mpira zinapokutana. Fundi hodari hukata ncha hizo mshazari, moja ikalalia nyingine. Mvivu huzikata wima, zikaacha mfereji utakaogonga kila jiwe la volkano mjini. Vichwa vya misumari viwe vimezama ndani ya mpira. Halafu tafuta ufa unaotoka kwenye tundu la rulema kuelekea ukingoni. Ukiuona, hata uwe mwembamba kama unywele, usiendelee na bei.

Usukani hupimwa haraka: shika pembe zote mbili, tikisa mbele na nyuma. Ukilegea pasipo mzigo, utakuwaje na magunia ya makaa juu yake? Springi ya mbele ni jambo la kubishaniwa. Wapo wasemao huipunguzia chukudu nguvu. Mimi nasimama na wenye springi, kwa kuwa mitaa yetu imejaa mawe ya lava, na lava ya mlipuko wa volkano wa 2002 ilipita katikati ya mji wenyewe.

Kipande cha mpira ambapo dereva huegemeza goti huchekwa na wasiojua. Kitazame kilipo. Kikikaa nyuma mno, mguu unaosukuma hautafika chini vizuri. Kikisogea mbele mno, mzigo utamsukuma dereva kwenye usukani. Fundi mzuri humwita mteja apige goti kabla hajakipigilia. Ndiyo sababu chukudu ya kuagiza huishinda ile iliyosimama tayari barabarani, japo zote mbili zina urefu wa mita mbili.

Na usiinunue mahali tambarare. Viazi na kabichi za Kibumba, huko juu mlimani, hushuka zaidi ya kilomita 20 hadi Goma, na chukudu kubwa hubeba mamia ya kilo, kwa hiyo kushuka ndiko kunakoipima. Omba uijaribu mteremkoni ikiwa na mzigo kidogo. Breki ni kipande cha tairi kilicho juu ya gurudumu la nyuma, nacho hukanyagwa kwa mguu. Kikanyage polepole, kisha kwa nguvu. Kiliume gurudumu katika upana wake wote. Kikishika upande mmoja, nyuma itateleza. Ukiachia, kinyanyuke chenyewe. Kisiponyanyuka, kitaendelea kusugua hata kwenye mwinuko, na siku hiyo utakuwa unasukuma chukudu mbili.