Kupigwa na Kupigwa Picha: Tukimsoma Zanele Muholi

Ndugu zangu, Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja kwa mambo mawili: mtu hupigwa na mumewe, na mtu hupigwa picha. Si mchezo wa maneno tu. Wanaodai kwamba picha humponya manusura wa ukatili wa nyumbani husahau kuwa hata kwenye kamera yupo anayepiga na yupo anayepigwa. Dai hilo nalipima kwa kazi za Zanele Muholi, mzaliwa wa Umlazi, Durban, mwaka 1972. (Muholi hajitambulishi kuwa mwanamke wala mwanamume, Kiingereza kinahangaika na viwakilishi, chetu wala hakishtuki.)

Muholi alisomea Market Photo Workshop, Johannesburg, chuo alichokianzisha David Goldblatt mwaka 1989. Kazi zake za awali zinawahusu manusura wa ukatili, hasa wanawake weusi wapendao wanawake wenzao, wanaobakwa eti "wanyooshwe". Si ugomvi wa mke na mume, lakini aibu ni ileile, na amri ya kunyamaza ni ileile.

Hebu tutazame Aftermath ya mwaka 2004. Uso haumo. Tunaona kiuno, mikono iliyofumbatana mbele, na kovu refu pajani. Mtu anaweza kulalamika kuwa tumepewa jeraha bila mwenye jeraha. Mimi nasoma kinyume: picha inakiri ukatili ila haimkabidhi mtu kwa watazamaji.

Mwaka 2006 ukaanza mfululizo wa Faces and Phases, na hapo mambo yakageuka. Ni nyuso, kwa rangi nyeusi na nyeupe, mia kadhaa sasa, zinazotukodolea macho. Makovu hayaoneshwi. Muholi huwaita waliomo washiriki, na neno hilo lina uzito wake. Linganisha na Donna Ferrato, aliyempiga picha mwaka 1982 mume akimpiga mkewe ndani ya nyumba yao huko New Jersey. Picha ile iliwafanya wengi waamini yanayotendeka nyuma ya mlango, lakini mke yule amebaki humo akipigwa milele. Kwa Muholi, mshiriki anasimama atakavyo na kutazama atakavyo. Kama kuna uponyaji, nadhani uko hapo: si katika kuonekana, bali katika kuamua uonekane vipi.

Lakini jamani, tusishangilie haraka. Tumezoea kuwaambia watu "mficha uchi hazai", kana kwamba kufichua ni dawa ya kila mtu. Sheria ya Afrika Kusini ya Ukatili wa Nyumbani, namba 116 ya mwaka 1998, ina busara zaidi: anwani ya mlalamikaji kwa kawaida haiandikwi kwenye amri ya kumlinda. Sheria inaficha mlango wake. Sisi tunatundika uso wake ukutani? Aliyenusurika mikononi mwa mume bado ana watoto wanaomwita yule bwana baba. Leo karidhia, kesho je? Na picha hazikai zilipowekwa. Aprili 2012 nyumba ya Muholi mjini Cape Town ilivunjwa, na diski zaidi ya 20 zenye kazi za miaka zikaibwa.

Kwa hiyo mradi wowote wa kamera kwa manusura, uwe Durban, Mombasa au Minneapolis, nauuliza swali moja tu: akisema "ondoeni", itaondolewa?

Jibu la Muholi mwenyewe naliona ukutani. Katika maonesho ya Faces and Phases huachwa nafasi tupu katikati ya nyuso, kwa ajili ya waliotutoka na wale ambao bado hawajapigwa picha. Mshiriki wa kwanza kabisa, mshairi na manusura wa ubakaji, alifariki mwaka 2007. Mimi ningeongeza maana ya tatu kwa nafasi zile: ni za wale waliosema hapana, nao wanapona vilevile.