Utando wa kushika seli na kuziachia

Katika mgodi wa Lindi Jumbo, wilayani Ruangwa, kusini mwa Tanzania, kinywe hutenganishwa na mwamba kwa povu. Mawe husagwa, yakachanganywa na maji na mafuta kidogo, kisha hewa hupulizwa ndani. Kinywe hakipendi maji, kwa hiyo hudandia viputo na kupanda navyo. Mchanga hubaki chini. Nikeli ya Ntaka, kule Nachingwea, imo katika madini ya salfaidi, na hayo kwa kawaida hayadandii vizuri hadi yapakwe kemikali iitwayo zanthati, tabaka jembamba la molekuli tu. Chembe ni ile ile, kilichobadilika ni uso wake.

Ukiigeuza kanuni hiyo kinyume, utapata kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, ambako Robert Short na Sheila MacNeil walitafuta njia ya kupeleka seli za ngozi kwenye majeraha ya moto. Bidhaa iliyotokana na kazi hiyo iliitwa Myskin. Kibebeo chake kilikuwa silikoni, ambayo ni laini na hujikunja kufuata mwili. Tatizo ni kwamba silikoni nayo hukataa maji, na seli za ngozi hazitulii juu yake.

Seli haishiki plastiki yenyewe. Kitu chochote kikizamishwa katika majimaji yenye protini, protini ndizo hutangulia kukifunika. Seli ikifika hutafuta protini kama fibronektini, ikaing'ang'ania kwa vipokezi vyake, integrini. Juu ya uso unaokataa maji, protini hizo hukaa vibaya na kuificha sehemu ambayo seli ingeishika.

Basi silikoni iliingizwa katika chumba kilichonyonywa hewa hadi shinikizo likabaki kama sehemu moja ya laki moja ya lile la kawaida. Mvuke wa asidi akriliki ukaruhusiwa kuingia, na mawimbi ya redio, ambayo katika mitambo ya aina hii huwa ya megahezi 13.56, yakauwasha ukawa plazma, yaani gesi yenye chaji ya umeme. Humo elektroni huzigonga molekuli na kuzivunja. Vipande hutua juu ya silikoni na kuungana kuwa utando wenye unene wa makumi ya nanomita tu.

Kazi ngumu ilikuwa kupima nguvu ya umeme. Wati zikizidi, molekuli husambaratika: utando unakuwa imara, lakini vikundi vya asidi vilivyokusudiwa vimevunjika. Zikipungua, vikundi husalia, ila utando huyeyuka ukiguswa na maji, na utando wa namna hiyo una faida gani kwenye kidonda? Njia mojawapo waliyoitumia ilikuwa kuchanganya mvuke wa asidi na wa oktadiene, hidrokaboni inayokaza utando, hivyo wakaweza kuamua kiasi cha asidi watakacho. Majaribio yalionyesha kwamba hata asidi kidogo ilitosha kuzifanya seli zishike.

Kwangu mimi, ustadi mkubwa uko katika hatua ya mwisho. Vipandikizi vingi, titani ya mfupa kwa mfano, hutaka seli zishike na zisibanduke. Hapa seli zilipaswa kushika maabara, kisha zihamie kwenye kidonda. Silikoni ililazwa upande wenye seli ukigusa jeraha, ikaachwa siku chache na kuondolewa. Seli zikikuta kitanda cha kidonda kinazifaa kuliko utando, zinahama. Mbinu hiyo hiyo ilitumiwa pia kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, seli mpya zikiwekwa tena na tena.

Anayeota kuileta teknolojia hii kusini mwa Tanzania asihangaike sana na plazma. Pampu, mvuke kidogo na wati chache si jambo la kutisha. Gharama iko kwenye seli. Hukatwa kipande cha ngozi ya mgonjwa mwenyewe, seli zake zikakuzwa juu ya seli za panya zilizopigwa mionzi ili zisigawanyike, katika maabara isiyo na kijidudu hata kimoja, na zikiwa tayari lazima zimfikie mgonjwa zikiwa hai.