Pampu si feni

Mliotazama matangazo ya Jumamosi mliuona waya wa pampu ukichomekwa kwenye soketi ya feni ya kadi ya michoro, na sidhani niliguna peke yangu. GTX 1080 Ti, kadi ya 2017 ambayo bado inapiga kazi, imevuliwa feni zake na kuvishwa bano la Kraken G12, la kushikia pampu ya kupozea kwa maji. Kisha fundi anatoa kigawio cha njia mbili: pampu huku, feni ya bano kule, zote zile umeme wa kadi na kutii amri zake. Eti waya mmoja ni usafi.

Kazi nyingine haikuwa na kasoro: pesti ya kiasi, skrubu zimekazwa kwa mshazari, rejeta juu ya pampu.

Turudi kwenye waya. Soketi ile hutoa volti 12 muda wote; anayeamua mwendo ni waya wa nne, wa PWM. Pampu ya nyaya tatu isingeisikia amri hiyo, ingekimbia kwa nguvu zote, nami leo ningeandika mengine. Ya fundi wetu ilikuwa ya nyaya nne. Na kadi yenyewe ni miongoni mwa zile zinazozima feni chipu ikiwa baridi, mtindo ulioshika kasi enzi za GTX 970, mwaka 2014. Kwa mapezi ya alumini hiyo ni busara, yanapoa yenyewe. Maji yaliyosimama hayapeleki joto popote: yanapata moto palepale juu ya chipu, rejeta ikiwa baridi kama mtungi.

Halafu kadi hutazama joto la chipu tu. Pampu ikichapa kazi, chipu inapoa. Chipu ikipoa, pampu inaambiwa ikalale. Ule mstari wa joto uliopanda na kushuka kama meno ya msumeno haukuwa kosa la programu, kama fundi alivyodai. Feni ya bano ndiyo inayonisikitisha zaidi. Ipo kwa ajili ya memori na VRM, ambazo maji hayazigusi. Gemu limepamba moto, chipu iko nyuzi 50 na kitu, kadi imeridhika, feni inazubaa, VRM zinaiva.

Mtaniita mzee tena, lakini pampu ya Laing D5, ile Swiftech waliyoiuza kwa jina la MCP655, ilikuwa na adabu. Molex moja kwa moja kutoka pawasaplai, waya wa kuhesabu mizunguko peke yake kwenye madabodi, na mgongoni kitufe cha kuzungusha, 1 hadi 5. Unaweka 3, unasahau. Ilikula hadi wati 20 na ushee, na soketi ya feni ya madabodi kwa kawaida hubeba ampea 1, yaani wati 12, basi hakuna aliyethubutu. Arctic walipoleta Liquid Freezer II mwaka 2019, waya mmoja kwa pampu na feni zote, nilinuna, na bado nimenuna, ingawa pampu yao angalau haishuki chini ya mizunguko 800 kwa dakika. Uchu huohuo wa waya mmoja ndio uliotufikisha kwenye plagi za RTX 4090 zilizoyeyuka mwaka 2022.

Soketi ya kadi fundi angeiachia feni ya rejeta, ambayo ikichelewa kidogo haidhuru. Feni ya bano, madabodi, mwendo usiobadilika. Pampu, Molex kwa adapta ya bei ya chapati, na waya wake wa mizunguko kwenye CPU_FAN, ili siku ikigoma madabodi ipige kelele kabla kadi haijashtuka.