Kutoka "wametakiwa" hadi "nimeona", na safari ya kurudi

Kama umekulia Mgeta unajua gazeti lilikuwa linapanda mlima kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkononi mwa mtu, mwalimu au dereva aliyeshuka Morogoro mjini akarudi nalo, la jana au la juzi. Ya pili ni dukani, likiwa limefungia chumvi. Mimi nilisoma zaidi la njia ya pili, kwa hiyo nimesoma nusu za habari nyingi sana. Unafika patamu, unakuta "inaendelea uk. 4", na ukurasa wa nne umeshaondoka na chumvi ya mtu mwingine.

Siku hizi ukipanda gari la Mgeta, kabla hata hamjafika Sangasanga kila abiria ameshainamia simu yake. Wengi husema tuliliacha gazeti kwa sababu simu ina haraka na gazeti lina bei. Sikatai. Lakini mimi naona tulianza kuhama kwa sababu ya sarufi.

Chukua gazeti lolote la Kiswahili uhesabu vitenzi. "Imeelezwa kuwa." "Imebainika." "Wakulima wametakiwa kuzingatia." Nani kaeleza? Kambainikia nani? Wametakiwa na nani, na wao walijibu nini? Sentensi imefungwa kama mlango wa ofisi saa tisa na nusu. Mkulima wa Nyandira anayelima kabichi na karoti tangu utoto anatokea humo kama mtu wa kuambiwa tu, hana swali wala jina.

Ndipo zikaja blogu. Ndesanjo Macha, akiwa Marekani, alianzisha Jikomboe, moja ya blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili, na humo nafsi ya kwanza ilirudi kazini: mimi nafikiri, mimi nimekataa, wewe unasemaje? Septemba 2005, kule Helsinki, alimsukuma Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, naye akafungua yake. Wawili hawa ni waandishi tofauti kabisa. Ndesanjo ni mtu wa hoja, anakushika shati mpaka mwisho wa aya. Michuzi ni mtu wa picha na maneno mawili matatu chini yake, na utani mwingi. Lakini wote walifanya jambo ambalo gazeti halikulifanya, yaani kuongea na msomaji kana kwamba wanamjua. Michuzi akawaita wasomaji "wadau", nao wakamwita "Ankal". Ukienda kwenye maoni ungekuta mdau wa Uingereza anabishana na mdau wa Tabata kuhusu picha ya stendi, na mara nyingi ubishi ule ulikuwa na uhai kuliko habari yenyewe.

Sasa basi, hapa ndipo nina ugomvi na sisi wenyewe. Blogu zilipoongezeka, nyingi ziliacha ile "mimi". Fungua kumi leo. Katika ngapi utakuta taarifa ileile ya ofisi ya habari, picha zilezile za meza kuu, na "wananchi wametakiwa" vilevile, hata kosa la herufi halijaguswa? Tumehama nyumba tukabeba na kunguni. Blogu haiwi ya mtu binafsi kwa sababu ina picha ya mwenyewe juu. Inakuwa hivyo pale ambapo kuna sentensi ambayo mwingine asingeweza kuiandika.

Tusiwalaumu wanablogu peke yao. Machi 2018 zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni: Sh 100,000 ya maombi, Sh 1,000,000 ya leseni, na Sh 1,000,000 nyingine kila mwaka. Baadaye ada zilipunguzwa, lakini wakati huo wengi walikuwa wameshafunga. Ada ile haikumuumiza sana mwenye matangazo. Ilimuumiza yule anayeandika mara mbili kwa mwezi kuhusu kijiji chake, bila kulipwa na mtu. Aliyebaki ilibidi atafute pesa, na pesa ipo kwenye meza kuu.

Gazeti nalo nilitendee haki. Lile moja lililopanda mlima lilisomwa kwa sauti, watu sita wakalibishia pamoja, na asiyejua kusoma naye alikuwemo. Halafu lilikuwa na mhariri, mtu wa kumwandikia barua likikosea. Simu ninaisoma peke yangu, na likinifikia jambo la uongo nalimeza peke yangu.

Kinachonisumbua ni hiki. Mgeta huingia gazetini barabara ikikatika, na huingia kwenye blogu kiongozi akija kuikagua hiyo barabara. Bado sijasoma popote, kwa Kiswahili, mtu akiandika ilivyokuwa kulala Nyandira na magunia ya kabichi ambayo gari halikuyafuata, yakianza kunuka kufikia siku ya tatu, na alivyomweleza mkewe kuhusu ada ya shule. Habari hiyo nimeisikia mara nyingi, kwenye gari na kwenye msiba, kutoka kwa watu wanaoisimulia vizuri kuliko mwanahabari yeyote. Simu wanazo mfukoni. Na kurasa zote nne, safari hii, ni zao.